Milki Yenye Kikomo: Uhakiki wa Istilahi za Kuongeza Muda wa Hati ya Ardhi

Miongoni mwa istilahi zinazotumika kila siku katika ofisi za serikali, ni chache zilizoenea sana na kuchunguzwa kidogo kama zile zinazohusu muda wa kumiliki kiwanja. Hatimiliki, kodi ya pango la ardhi, barua ya toleo, kuhuisha hati, kuongeza muda: maneno haya hutamkwa na karani, wakili, mjumbe wa baraza la ardhi na mwenye nyumba, na kila mmoja huondoka akiamini kwamba wamesikilizana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi hawakusikilizana, na kwamba kasoro imo katika istilahi zenyewe kabla ya kuwa ya msemaji au ya msikilizaji. Mifano mingi nimeichota katika pwani ya Kilwa na Lindi. Huko maneno milki, hati na ijara yalikuwa na maana zake kamili kabla ya ofisi ya ardhi ya kikoloni kufunguliwa, na kwa hiyo mgongano baina ya maana ya wenyeji na maana ya serikali huonekana wazi zaidi kuliko kwingineko.

Chukua mkazi wa mji wa Lindi aliyepewa kiwanja kilichopimwa mwaka 1990 kwa muda wa miaka 33, ambao ni mmoja wa mihula mitatu iliyozoeleka nchini, mingine ikiwa miaka 66 na 99. Muda huo ulikoma mwaka 2023. Katika miaka yote hiyo mtu huyu amejenga nyumba ya mawe, ameoza mabinti, amepanda minazi nyuma ya ua, na huenda amekwisha kufariki na warithi wake wamegawana vyumba. Karatasi iliyomo sandukuni wanaiita hatimiliki, kama ofisi inavyoiita. Warithi hawaoni sababu ya kwenda kuomba nyongeza ya kitu walichoambiwa tangu utotoni kuwa ni milki ya baba yao. Hugundua hali ilivyo siku wanapotaka kuiweka nyumba rehani, au wanapopata mnunuzi ambaye wakili wake anasoma tarehe. Nyumba ni ileile na watu ni walewale, lakini haki imekoma, na hakuna neno hata moja katika jina la hati lililowahi kuwaonya.

Yafaa tuulize jina hilo lilitoka wapi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyotungwa na serikali ya Waingereza katika Tanganyika, ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma na kumpa mtu haki ambayo kwa Kiingereza ilitajwa kwa neno lenye maana ya kukalia. Dhana hiyo ililetwa kutoka Nigeria ya Kaskazini, ambako sheria ya namna hiyo ilikuwa imetungwa mwaka 1910. Mtunga sheria wa Kiingereza alilikwepa kwa makusudi neno la kumiliki. Alitaka kusema kwamba mtu anakaa, analima, anajenga, lakini mwenye ardhi ni mwingine. Kabla yake Wajerumani, kwa amri ya mwaka 1895, walikuwa wameitwaa ardhi yote waliyoihesabu kuwa haina mwenyewe. Hati za milki isiyo na kikomo zilizotokana na enzi hiyo zilidumu mpaka baada ya Uhuru. Sheria ya mwaka 1963 ndiyo iliyozigeuza kuwa pango la serikali la miaka 99, na sheria nyingine ya mwaka 1969 ikaligeuza pango hilo kuwa haki ileile ya kukalia. Aliyehesabiwa miaka 99 tangu mwaka 1963 muda wake utafika mwisho mwaka 2062. Mwalimu Nyerere alikwisha kuyapinga mapendekezo ya kuanzisha milki ya kudumu katika kijitabu chake Mali ya Taifa cha mwaka 1958. Kwa hiyo msimamo wa nchi kuhusu jambo hili ni wa siku nyingi, na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 imeuendeleza: ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi.

Wafasiri walipoifikia haki hii ya kukalia, waliiita haki ya kumiliki, na baadaye hakimiliki. Kwa kifupi, kile ambacho Kiingereza kilikikwepa, Kiswahili kilikitamka. Sisemi kwamba walikuwa wavivu. Nadhani walitafuta neno ambalo mwananchi angeliheshimu, na katika miaka ambayo taifa lilikuwa likijenga moyo wa kujitegemea, neno milki lilikuwa na uzito unaofaa. Lakini heshima ya neno haiwezi kuwa fidia ya upungufu wa maana yake. Tena neno hilohilo limepewa kazi ya pili. Bunge lililopitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, yaani Namba 4 na Namba 5 za mwaka 1999, lilipitisha mwaka huohuo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7, ambayo inahusu vitabu, nyimbo na picha. Haki ya mtunzi nayo ina kikomo, kwani humalizika miaka 50 baada ya kifo chake. Basi tuna neno moja lenye milki ndani yake kwa vitu viwili ambavyo vyote hukoma, na katika hali zote mbili neno linakaa kimya.

Ubaya unazidi tukitoka mjini. Katika kijiji cha Kilwa, mkulima mkazi anaweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila isiyo na ukomo wa muda. Huyu, kwa maana ya pwani, ana milki kweli. Jirani yake wa Kilwa Masoko mwenye hati iliyochapwa vizuri na kusajiliwa ana miaka 33 tu. Wote wawili tunawaita wenye hakimiliki. Na mji ukipanuka, ardhi ya kijiji ikahawilishwa kuwa ardhi ya jumla na kupimwa viwanja, mkulima huyo anaweza kujikuta ameibadilisha haki isiyo na mwisho kwa haki yenye tarehe ya mwisho, huku masikio yake yakisikia kwamba amepandishwa kutoka hakimiliki kwenda hakimiliki. Sijui istilahi nyingine ya serikali inayoficha badiliko kubwa kiasi hicho kwa sauti moja.

Sasa tusikilize neno milki linavyosikika pwani. Katika desturi ya kilimo, mwenyeji aliweza kumwazima mgeni shamba la kulima mpunga au mtama. Mgeni huyo hakuruhusiwa kupanda mnazi wala mti mwingine wa kudumu, kwa sababu mti wa kudumu ni ushahidi wa milki. Aliyeazimwa alijua ameazimwa kwa kutazama alichokatazwa. Mwenye kiwanja cha miaka 33 hakatazwi kupanda mnazi wala kujenga kwa mawe. Sharti la hati ndilo hasa linalomtaka ajenge. Kwa hiyo ishara zote anazozifahamu humwambia kwamba yeye ni mwenye mali, na neno la ofisi linathibitisha.

Hata hivyo, pwani hiyohiyo inatupatia ufumbuzi, na nashangaa kwamba wanaistilahi wameupita bila kuutazama. Elimu ya fikihi inayosomeshwa katika vyuo vya Kivinje na Lindi inatofautisha milki ya kitu chenyewe na milki ya manfaa yake. Katika ijara, mwenye kitu hubaki na kitu, na mwenye kuchukua ijara humiliki manfaa kwa muda unaojulikana, na muda usipojulikana ijara haisihi. Huo ndio muundo wa haki tunayoizungumza. Sipendekezi tuliandike neno ijara katika hati za serikali, kwa maana si wananchi wote wa Tanzania wanaolitumia. Lakini kipo kipande cha fikra hiyo kinachoweza kusemwa kwa maneno ya kila mtu, nacho ni milki ya muda. Atakayesema kwamba maneno hayo mawili yanapingana ajue kwamba wazee wa pwani wamekuwa wakiyakusanya pamoja kwa karne nyingi bila shida.

Pango na kodi. Hapa hukumu yangu ni tofauti na ya wengi. Wako wanaoona kwamba kodi ya pango la ardhi ni istilahi mbovu, kwanza kwa sababu kodi na pango ni karibu kitu kimoja, kama kusema malipo ya malipo, na pili kwa sababu inamshusha hadhi mwenye nyumba na kumfanya mpangaji. Hoja ya kwanza ina ukweli. Ya pili ndiyo inayonifanya niitetee istilahi hiyo. Katika msamiati wote wa ardhi, neno pango ni takriban neno pekee linalomwambia mwenye hati ukweli: yeye hulipa kila mwaka kwa sababu ardhi ni ya umma, na anayelipa pango anaweza kufikia mwisho wa muda wake. Tukilifuta tukaweka ada ya ardhi, tutakuwa tumeondoa onyo la mwisho lililobaki. Ningeliacha pango likae peke yake, pango la ardhi, na kuliondoa neno kodi. Sababu ni ya kiutendaji. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa pamoja na ununuzi wa umeme, na mtu anayekatwa kodi ya nyumba kila mwezi kwa urahisi hudhani kwamba amelipia na ardhi. Kumbe pango linalimbikizwa, na siku ya kuomba nyongeza ya muda deni hilo ndilo la kwanza kuulizwa. Neno moja likigawiwa malipo mawili, mlipaji ndiye anayepata hasara.

Tufike sasa kwenye tendo lenyewe la kuongeza muda, maana hapo ndipo vurugu ilipo kubwa. Nimekusanya katika nyaraka na matangazo maneno haya yakitumika kwa kubadilishana: kuongeza muda, kurefusha muda, kuhuisha hati, kuhuisha milki, kufanya upya hati, kuomba upya. Lililoenea kwa kasi kuliko yote ni kuhuisha, na ndilo lisilofaa kuliko yote.

Kuhuisha ni kutia uhai. Neno ni zuri, nasi hatuna ugomvi nalo katika utenzi au katika mawaidha. Ofisini limepewa maana ya kuweka taarifa katika hali ya sasa: watu huhuisha taarifa zao, huhuisha leseni, huhuisha daftari. Mwenye hati anapoambiwa ahuishe hati, maana ya kwanza inayomjia ni kubadilisha karatasi iliyochakaa au kusahihisha jina. Haelewi kwamba haki yenyewe inaelekea kufa. Kwa msomaji aliyepita chuoni liko la ziada. Katika fikihi, kuhuisha ardhi mfu ni kuifufua ardhi isiyolimwa wala kumilikiwa na mtu, na mwenye kuihuisha huwa mmiliki wake. Mzee wa Kilwa Kivinje mwenye elimu hiyo akisikia kuhuisha milki, neno hilo humpeleka upande wa pili kabisa wa jambo: analisikia kama neno la kupata milki kwa jasho, ilhali aliyempelekea taarifa amekusudia ombi kwa Kamishna wa Ardhi ambalo linaweza kukubaliwa au kukataliwa. Na kuna kasoro moja ndogo ya sauti ambayo mtu yeyote aliyewahi kusoma fomu kwa sauti kwa ajili ya asiyejua kusoma ataitambua: kuisha na kuhuisha. Silabi moja tu ndiyo inayotenganisha kufa na kufufuka. Istilahi mbili zenye maana zinazopingana zisiwekwe mdomoni zikiwa zimekaribiana namna hiyo.

Kurefusha muda ni sahihi, ila ni neno la vitabuni. Kuomba upya na kufanya upya hayasemi ni kitu gani kinachofanywa upya, ombi, karatasi au haki. Linabaki kuongeza muda, ambalo kila mtu analo kinywani, kwani hata mkataba wa kazi huongezwa muda. Ubora wake ni kwamba linataja kile hasa kinachoongezwa. Huwezi kuongeza muda bila kukiri kwamba muda ulikuwapo na una mwisho.

Lakini kuongeza muda lisibebeshwe kila kitu. Kuna mambo mawili yaliyo mbali, na sheria haziyachanganyi. La kwanza ni kuongezewa muda ilhali muda wa kwanza haujakoma. Haki ni ileile, inaendelea. La pili ni kupewa haki mpya baada ya ile ya kwanza kukoma. Sheria yetu ya mwaka 1999 inaruhusu haki itolewe kwa muda usiozidi miaka 99, na inaruhusu pia muda wenye nafasi ya kuongezewa muda mwingine. Muda ukiisha, mtu aliyetimiza masharti hufikiriwa kabla ya wengine iwapo ardhi hiyo itaendelea kutolewa. Kufikiriwa kwanza si sawa na kuendelea. Kati ya muda kukoma na haki mpya kutolewa liko pengo, na katika pengo hilo warithi wa Lindi hawawezi kuuza wala kuweka rehani kwa uhakika.

Wenzetu wa Kenya wamelishughulikia jambo hili kwa uangalifu unaostahili kuigwa. Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 2012, pamoja na kanuni za mwaka 2017 kuhusu muda wa pango, hutenga nyongeza inayoombwa kabla ya muda kwisha na utoaji upya unaofuata baada ya kwisha, na humpa raia aliyekuwa akikalia ardhi haki ya kutangulizwa. Hao nao walilazimika kuyatazama maneno kwa makini baada ya Katiba ya mwaka 2010 kuagiza kwamba mtu asiye raia asishike ardhi kwa zaidi ya miaka 99, hata kama hati yake ya zamani iliandikwa miaka 999. Napendekeza nasi tutumie nyongeza ya muda kwa jambo la kwanza, na utoaji upya kwa la pili, wala yasibadilishane nafasi katika barua, hukumu au kitabu cha shule.

Wafasiri wanaotumia vitabu vya Kiingereza wajihadhari na mtego mwingine. Uingereza mwenye nyumba ya pango la muda mrefu huomba nyongeza kwa mtu binafsi au kampuni iliyo na milki isiyo na kikomo, na hulipa bei ya nyongeza hiyo. Sheria ya mwaka 1993 ilimpa mwenye fleti nyongeza ya miaka 90, na iliyopitishwa mwaka 2024 inakusudia kuifikisha miaka 990. Mambo ya bei, majadiliano na mwenye milki ya kudumu, yakifasiriwa moja kwa moja kwa ajili ya msomaji wa Lindi, yatamfanya atafute mtu ambaye hayupo. Kwetu anayeombwa ni serikali, na mwenye milki isiyo na kikomo hakuna. Tena neno mpangishaji, ambalo linafaa kabisa kwa mwenye nyumba anayepangisha vyumba, lisitumike kwa serikali katika jambo hili. Mwenye milki ya muda naye anaweza kupangisha, na hapo tutakuwa na wapangishaji wawili juu ya kiwanja kimoja.

Istilahi mbili nizitaje kwa haraka. Barua ya toleo imeshindwa na ofa, na sioni kwamba itafufuka, kwani toleo lina kazi nyingine imara. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, iliyorekebishwa na kuzinduliwa mwaka 2025, inaitwa Toleo la Mwaka 2023, na hakuna anayedhani kwamba ni barua ya kumgawia mtu kiwanja. Ya pili ni hati isiyo asili, ambayo hupewa mwekezaji asiye raia, kwa mfano mwenye hoteli ya ufukweni. Mkazi wa kawaida akiisikia atafikiri ni hati ya kughushi. Hati tegemezi ingetosha, kwa kuwa haki hiyo hutegemea haki nyingine na hukoma inapokoma ile.

Haya yote yana haraka yake. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na neno lililokuwa la mazungumzo ya kaunta sasa linaweza kuamua kesi katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Iwapo fungu la sheria litasema hakimiliki bila kusema ya muda, na iwapo litasema kuhuisha bila kusema kabla au baada ya kukoma, mawakili watapata riziki, na mwenye nyumba ndiye atakayewalipa.

Ili pendekezo lisibaki hewani, nimejaribu kuandika taarifa ambayo ofisi ya ardhi ingeweza kumpelekea mwenye kiwanja miaka michache kabla ya tarehe ya mwisho, kwa istilahi nilizozitetea hapo juu. Walimu wanaweza kuisoma kwa wanafunzi wa madarasa ya juu na kuona kama inaeleweka bila kufafanuliwa; maofisa wanaweza kuipunguza, lakini wasiiongeze:

Ardhi unayoikalia ni ya umma, nawe una milki ya muda juu yake. Muda huo utakoma tarehe iliyoandikwa hapa chini. Ukitaka kuendelea kukaa, omba nyongeza ya muda kabla ya tarehe hiyo, ukiwa umelipa pango la ardhi lote unalodaiwa. Tarehe hiyo ikipita kabla hujaomba, milki yako itakuwa imekoma, na itakubidi uombe utoaji upya, ambao unaweza kukubaliwa au kukataliwa. Ikiwa mwenye jina lililo katika hati amefariki, warithi wake walete barua ya usimamizi wa mirathi pamoja na ombi.